Hela ya Juu ni ya Nani?

Barua ya wazi kwa wenye baa, migahawa na hoteli. Na kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi

Shikamooni wakubwa.

Nimehudumia meza miaka kumi na mmoja: Sinza, Kinondoni, Tabata, na misimu miwili ya watalii pwani ya mashariki ya Unguja. Sasa nina mgahawa wangu wa meza sita na nimeajiri watu watatu, kwa hiyo naandika nikiwa nimeshakaa pande zote mbili za kaunta. Sikuja kuwafundisha wateja waache bakshishi ya shilingi ngapi. Hilo ni la mteja na mfuko wake. Nina swali moja tu kwenu: akishaiacha, ni ya nani?

Nianze na usiku mmoja wa Novemba. Mzee mmoja alikuja na familia yake kusherehekea mahafali ya binti yao. Watu tisa, meza mbili tukaziunganisha chini ya mwembe. Kuku wa kuchoma, ndizi, mbuzi kilo moja na nusu, soda za watoto, bia za wakubwa. Nilikimbia kati ya kaunta na jiko la nyama mpaka nyayo zikawaka moto. Mtoto mdogo alimwaga soda, nikafuta. Bibi yao hakutaka nyama yenye pilipili, nikamrudia mchoma nyama akaanza upya huku ananilaani kimyakimya. Bili ilikuja 86,500. Mzee akatoa simu, akasoma Lipa Namba kwenye kibao cha mezani, akalipa 100,000 kamili. Kisha akanigeuzia kioo cha simu nione. "Hiyo ya juu ni yako mwanangu. Umetuhudumia vizuri."

Saa 9 usiku, tunafunga mahesabu, nikamkumbusha meneja kwamba kwenye malipo ya mwembeni kuna 13,500 yangu. Hakuinua hata macho. "Hela ikishaingia Lipa Namba ni ya ofisi." Nikamwambia mteja alisema mbele ya watu tisa. "Angetaka kukupa wewe, angekutumia wewe." Bodaboda ya saa ile mpaka kwangu Kimara ilikuwa 5,000. Nikakopa kwa mchoma nyama, yule yule aliyekuwa ananilaani.

Najua kuna bosi anayesoma hapa anacheka: barua nzima kwa ajili ya elfu kumi na tatu? Subiri, bosi wangu. Piga hesabu ya vibao vyote vya Lipa Namba vilivyopo mezani mjini hapa, na wateja wote wanaosema "hiyo ya juu ni yako" wakaondoka na roho nyeupe, wakiamini wametoa.

Tuwe wakweli pia kuhusu bakshishi ya zamani. Sehemu kubwa haikuwa ukarimu, ilikuwa uvivu wa kusubiri chenji. Mtu kanywa bia tatu za 2,500, ametoa noti ya 10,000, anataka kuwahi mpira nyumbani, anakwambia "baki nayo". Hatukulalamika. Maisha ya wahudumu wengi yalijengwa na hizo "baki nayo", kodi ya chumba ikalipwa, daftari na sare za watoto zikanunuliwa. Kisha malipo ya simu yakaja, nayo yana faida zake, sibishi: noti bandia zimepungua, na usiku hutembei na mkoba wenye mauzo ya watu. Lakini simu inalipa 7,500 kamili. Haibaki hata mia. Na yule mteja mmoja kati ya kumi ambaye bado anataka kuacha kitu, ana njia mbili tu. Ama azidishe kwenye namba ya ofisi, nanyi mmeshaona inakoishia, ama aombe namba ya mhudumu.

Hapo kwenye kuomba namba naomba tupumzike kidogo, maana wanaume wengi walioandika sera za nchi hii hawajawahi kushika trei.

Ukiwa binti wa miaka ishirini na mbili, mteja akisema "nipe namba yako nikurushie ya soda", umeshajua kinachofuata. Kesho asubuhi "umeamkaje", mchana "mbona hunijibu", jioni yuko meza ya kwanza, na safari hii mkono wake hauko kwenye glasi. Ukimkatalia anamwambia meneja una majivuno. Meneja anakwambia mteja ni mfalme. Nimewahi kurudisha 20,000 kwa mwanaume aliyenitumia na maelezo "nauli ya kuja kwangu", na wiki hiyo nikahamishiwa zamu ya mchana, ambako hakuna mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautaja unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni aina ya ubaguzi, na inaukataza. Ila mhudumu anayetegemea mteja amlishe hawezi kumkasirikia mteja. Mnamweka mahali ambapo tabasamu lake ndiyo mshahara wake, halafu mnashangaa wateja wanadhani wamelinunua.

Tuje kwenye mshahara wenyewe. Amri ya Kima cha Chini ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa baa, migahawa na nyumba za wageni. Sio pesa ya kujengea ghorofa. Na tangu Januari 2026 viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena, kwa wastani wa asilimia 33.4. Mimi kwenye baa za Dar nililipwa 80,000, mkononi, bila karatasi. Rafiki yangu Tabata alikuwa anapewa 3,000 kwa siku na sahani ya ugali. Kuna wasichana ninaowajua ambao hawana mshahara kabisa. Wamepewa "nafasi ya kufanyia kazi", yaani wanaruhusiwa kuzunguka na trei wakitafuta cha kuachiwa.

Nilipouliza, nilijibiwa maneno matatu tu: "Si mna tipu?"

Sasa rudini kwenye usiku wa mwembeni. Bosi yule yule aliyeninyima mshahara kamili kwa sababu nina tipu, ndiye aliyeichukua tipu yenyewe kwa sababu imeingia kwenye namba yake. Ameihesabu mara mbili, na mara zote mbili hesabu imekaa upande wake.

Na bado kuna shoti. Msiojua, shoti ni upungufu unaokutwa kwenye mahesabu ya usiku. Baa nyingi za mtaani mhudumu anachukua bia kaunta kwa jina lake, anaipeleka mezani, na asubuhi kila chupa aliyoichukua lazima iwe na hela yake. Mteja akikimbia na bili, umepigwa shoti. Glasi ikivunjwa na mlevi, shoti. Kaunta akikuandikia chupa sita ulizochukua tano, saa 8 usiku muziki unapiga, utabishana na nani? Kuna mwezi nilipigwa shoti ya 46,000 kwenye mshahara wa 80,000.

Sheria hiyo hiyo ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi kwa hasara mpaka iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokokotoa. Ampe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya ujira. Robo ya 80,000 ni 20,000. Kifungu cha 20 kinasema kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Miaka kumi na mmoja, karibu yote usiku, na neno "nyongeza ya usiku" nimelisikia mara ya kwanza kwenye semina ya wajasiriamali, nikiwa nimeshaacha kazi.

Mtauliza kwa nini hatukwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwenda na nini? Hatuna mkataba, hatuna hati ya mshahara. Hivi sasa nimesoma na kujua kwamba pasipo maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri. Wahudumu wangapi wanalijua hilo? Mheshimiwa Waziri, maofisa kazi wako wakija baa huwa wanakuja saa 5 asubuhi. Saa 5 asubuhi baa ina mfagiaji na mhasibu.

Nisijifanye malaika. Wahudumu nasi tuna yetu. Nimewahi kuchomeka chupa mbili kwenye bili ya meza iliyolewa, wakalipa bila kuhesabu. Nililala vizuri, mbaya zaidi ni hiyo. Nilijiambia narudisha shoti ya wiki iliyopita. Kuna wenzangu wanaofanya hivyo kila siku, kuna wanaoficha chenji mpaka mteja achoke kusubiri, kuna wanaotoa huduma kwa kumwangalia mtu viatu. Mwenye baa akilalamika kwamba wahudumu wanaiba, hasemi uongo. Ila ajiulize ni lini mara ya mwisho kuona mtu mwenye mshahara kamili, mkataba mkononi na tipu anayoipata waziwazi, akihatarisha yote hayo kwa chupa mbili.

Halafu kuna ofa, ambayo nadhani ni ubunifu wetu wenyewe. Mteja hakupi hela, anakwambia "na wewe kunywa". Wewe hunywi, una watoto. Basi ile bia yako ya 2,500 unaiacha kaunta, na ukifunga kazi kaunta anakupa 2,000, mia tano inabaki kwake. Baa imeuza bia ambayo haijafunguliwa, kaunta kapata, mimi nimepata, mteja kajiona mkubwa. Kati ya mipango yote niliyoiona kwenye kazi hii, huo ndio ulionipendeza, maana angalau ulikuwa na bei inayojulikana.

Unguja mambo yalikuwa tofauti. Mshahara ulikuwa na karatasi, na tipu za wageni zilikuwa zinaingia kwenye sanduku moja la mbao lililokaa mapokezi, lina kufuli. Dola, yuro, hata sarafu ambazo hakuna duka la kubadilisha fedha linazitaka. Mwisho wa mwezi sanduku linafunguliwa na kugawanywa kwa wote: wahudumu, wapishi, waosha vyombo, wanaotandika vitanda, mtunza bustani. Wengi wa wahudumu walinung'unika, mimi sikunung'unika sana. Mgeni anaacha dola kumi kwa sababu ya pweza wa nazi, na pweza sikumpika mimi. Tatizo lilikuwa ufunguo. Ulikuwa kwa meneja, sanduku likafunguliwa ofisini mlango umefungwa, tukaletewa bahasha. Mwezi wa Agosti, hoteli imejaa mpaka wageni wanakataliwa, bahasha yangu ilikuwa na kiasi kile kile cha Mei, mwezi wa mvua. Hakuna aliyeuliza. Mei ijayo ungekuwa wewe unayepunguzwa.

Wapagazi wa Kilimanjaro wana desturi ambayo ningependa wahudumu tuiige: siku ya mwisho ya safari, kwenye makundi yanayoendeshwa vizuri, wageni wanatangaza bakshishi hadharani mbele ya timu nzima, mpishi kiasi gani, mpagazi kiasi gani. Ukidhulumiwa baada ya hapo, angalau unajua umedhulumiwa ngapi.

Kwenye hoteli hiyo hiyo ya Unguja bili ilikuwa na mstari wa ada ya huduma, asilimia 10. Mgeni akiuona, anafunga pochi, na ana haki. Ameshaambiwa huduma imelipiwa. Mstari ule haukuwahi kufika kwetu. Nilimuuliza mhasibu kwa upole, akaniambia unaenda kwenye matengenezo. Matengenezo ya nini, hakusema. Feni ya chumba chetu cha kulala ilikufa Januari na nilipoondoka Machi ilikuwa bado maiti. Kama ada ya huduma ni ya jengo, iandikwe ada ya jengo, mgeni aamue mwenyewe kama bado anataka kumpa mtu aliyembebea sahani.

Wenzetu nao wamehangaika na jambo hili. Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu mwaka 1991, mradi tipu zifikishe kima cha chini cha kawaida cha dola 7.25, zisipofikisha, mwajiri ajazie. Kuna majimbo, California na Washington yakiwamo, yaliyoukataa mpango huo. Ndugu zetu walioko huko wanatusimulia jinsi mteja asiyeacha asilimia 15 au 20 anavyotazamwa kama mwizi. Sitaki tufike huko. Uingereza walikwenda njia nyingine: sheria waliyoipitisha mwaka 2023, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2024, inamzuia mwajiri kubaki na bakshishi. Yote igawiwe kwa haki, hata iliyolipwa kwa kadi, ifike kwa wafanyakazi kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, na mwajiri atunze kumbukumbu kwa miaka mitatu. Kwa kodi, wanakata. Kwa matengenezo, hawakati.

Mheshimiwa Waziri, ninachokuomba hakihitaji bajeti. Weka kwenye kanuni mstari mmoja unaosema bakshishi, iwe ya noti, ya simu, ya kadi au ya ada ya huduma, ni mali ya wafanyakazi, na haihesabiwi kwenye kima cha chini. Kisha watume maofisa wako saa 4 usiku, siku ya Ijumaa. Wavae kiraia, waagize soda, wamuulize mhudumu analipwa ngapi. Atawaambia. Mhudumu hana siri ya mshahara, hana mshahara wa kuufanya siri.

Kwenu wenye baa, najua leseni, umeme, mtu wa kelele, mtu wa afya, mtu wa zimamoto. Wote hao sasa wananijia na mimi. Mshahara nao unauma, nimekwisha kuonja. Mwezi wangu wa tatu nilichelewesha mshahara siku tisa, nikaelewa kwa nini mabosi hukwepa macho. Kwa hiyo la mshahara tusimamiwe na sheria sote. Ila hili la tipu halina gharama kwenu hata senti. Si hela yenu.

Mimi nimefanya hivi. Ukutani nimebandika karatasi mbili, moja imeandikwa BILI na namba ya mgahawa, nyingine imeandikwa TIPU na namba ya laini niliyomkabidhi mpishi wangu, yeye ndiye mkubwa kwa umri na wote wanamheshimu. Laini ni yao, namba ya siri sijui. Mteja akizidisha kwenye namba ya bili na kusema ya juu ni ya mhudumu, inaandikwa kwenye daftari papo hapo na inatolewa taslimu kabla hatujafunga. Binti wa mezani hampi mteja namba yake.

Wiki ya pili wakagombana. Mhudumu alisema tabasamu ni lake, mpishi akasema maharage ya nazi ni yake, na yule kijana anayeosha vyombo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba sahani chafu hazina tipu. Nikatoka nje nikawaacha. Niliporudi walikuwa wamekubaliana: mhudumu nusu, iliyobaki wawili wagawane sawa, Jumapili saa 12 jioni, simu ikiwa katikati ya meza wote wanaona salio. Sijui kama ndiyo haki kamili. Wamechagua wenyewe, na mpaka leo hawajaniita kuamua.

Tipu haijawa nyingi. Juzi kwa wiki nzima ilikuwa 31,000. Lakini sasa mhudumu wangu akijifungua, siku zake 84 za likizo ya uzazi nitazilipa kwa mshahara ulioandikwa. Mimi nilipokuwa na mimba ya miezi mitano niliambiwa tumbo halipiti katikati ya meza, nikarudi nyumbani na mfuko wa chenji.

Na wewe bosi wa pale mwembeni, utakuwa umeshajitambua. Sikukutaja na sitakutaja. Ni 13,500. Namba yangu ya simu haijabadilika.

Ni mimi, mhudumu wako wa zamani,
Dar es Salaam